Hicho sio kinyesi cha ndege shore, ni kiwavi anamaliza miche yako

Juzi tena nimeitwa kwenye kitalu huku Muheza, miche ya michungwa imebaki vijiti, na mzee mwenyewe keshafunga tepu za kaseti kila kona anamfukuza shore. Ananiambia bwana shamba si unaona mwenyewe, wamenyea kila jani! Nikachukua njiti ya kiberiti nikakigusa hicho "kinyesi", kikachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali juu, mzee akaruka nyuma.

Jamani huyo ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano mnayemsifia uzuri. Akiwa mdogo anakuwa kahawia na baka jeupe mgongoni, amejifananisha na kinyesi ili ndege wampite, sasa nyie nao mnampita! Shore anadonoa tunda lililoiva, hilo sikatai, ila jani hali hivo, na makinda yake anayalisha wadudu. Kinyesi chake kinadondoka popote alipotua, hata ardhini, na ukikisugua kinapakaa. Kiwavi yeye yuko juu ya jani laini, na pembeni yake pameliwa.

Sasa muda, hapa ndo mnapochemsha. Kipepeo anataga yai moja moja kwenye majani machanga, la njano, duara, kama milimita 1, na linaanguliwa ndani ya wiki. Kwa hiyo kitalu kikaguliwe kila baada ya siku 3, sio Jumapili hadi Jumapili, na ugeuze jani juu na chini. Okota kwa mkono, ponda. Ukisubiri mpaka awe wa kijani, sentimita 4 au 5, ujue keshakula wiki kadhaa na mche umekwisha. Wakiwa wengi piga dawa ya Bt (ya bakteria wanaoua viwavi) wakiwa bado wadogo, jioni, maana jua linaiua, na vipimo soma kwenye kibandiko, nani kawafundisha kupimia kifuniko cha soda?? Na kila nikisema mnaitikia ndiyo ndiyo.

Machipukizi yakitoka mazima umefaulu. Michungwa mikubwa inayozaa wala usihangaike kuipigia, viwavi wachache haiwasikii, hangaika na kitalu na miti ya miaka miwili mitatu ya mwanzo. Na hizo tepu za kaseti toa.