Somo: Kumfundisha Teto kuimba wimbo wa huzuni, kwa Kijapani na hata kwa Kiswahili

Wakuu, nilipoweka kile kibao changu cha taratibu wengi mliuliza nani kaimba. Ni Kasane Teto, sauti ya kompyuta. Alizaliwa Japani kama utani wa Siku ya Wajinga, 1 Aprili 2008, ili watu wadhani ni Vocaloid mpya, yaani mwimbaji mpya wa ile programu maarufu ya kuimbisha kompyuta. Utani ukanoga, watu wakaanza kumtungia nyimbo za kweli. Benki yake ya sauti, yaani mkusanyiko wa silabi zilizorekodiwa ambazo kompyuta huziunganisha, ni ya bure, ndiyo maana naanza naye badala ya Hatsune Miku, Vocaloid maarufu wa kununua.

Hatua ya 1: Vifaa

Pakua OpenUtau, programu ya kuziimbisha benki hizi (bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux), na benki ya Teto. Ziko za aina mbili: tandokuon, ambamo kila silabi imerekodiwa peke yake, na renzokuon, ambamo silabi zimerekodiwa zikifuatana. Kwa wimbo wa taratibu chukua renzokuon, la sivyo utasikia mtu anahesabu maharage. Wakati wa kusakinisha benki chagua Shift-JIS, mfumo wa herufi za Kijapani, kwenye sehemu ya herufi. Ukikosea hapo, benki itakuwa bubu.

Hatua ya 2: Melodi

Mapigo 65 hadi 80 kwa dakika yanatosha. Ila kumbuka sauti hizi hazipendi kuvutwa. Crypton, kampuni ya Sapporo iliyomtoa Miku mwaka 2007, ilipendekeza aimbe kati ya mapigo 70 na 150, toka nota ya A3 hadi E5. Yaani wimbo wa taratibu unamweka ukingoni kabisa. Irabu ikivutwa mno, kompyuta inakuwa inanyoosha kipande kifupi cha sauti, na sikio linagundua. Nota ndefu iache ife mapema, kinanda kitajaza.

Hatua ya 3: Maneno

Hapa ndipo penye utamu. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama sisi, na silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu. Hata ile n inayosimama peke yake ina mlio wake kamili, na ikifuatwa na b hutamkwa m. Kwa hiyo "nyumba" unaandika nyu-n-ba na Teto anasema "nyumba" safi kabisa. Jaribu mstari huu:

na-ku-n-bu-ka nyu-n-ba ya ma-ma

Hakuna silabi hata moja inayomshinda. Lakini benki nyingi hazina "si", "zi", "tu" wala "hu" za kwetu. Zina shi, ji, tsu na fu. "Huzuni" inakuwa "fuzuni", "machozi" yanakuwa "machoji", na "sina" inageuka "shina". Nilitunga kiitikio kizima cha "sina wa kumwambia" kabla sijalijua hili. Baadhi ya benki zina silabi za ziada. Angalia orodha kwanza, kisha ndiyo utunge. L na r kwake ni kitu kimoja, hilo lipotezee.

Hatua ya 4: Kupindisha sauti

Nota zikiwa zimepangwa tu bila kuguswa, Wajapani huita betauchi. Kazi ya kuzifinyanga mpaka ziimbe huitwa chōkyō, na wapo wanaojulikana kwa hiyo kazi peke yake. Anza hivi: nota ya kwanza ya kila mstari iingie kwa chini kidogo halafu ipande. Mtetemo weka kwenye nota ndefu tu, uanze katikati ya nota.

Hatua ya 5: Pumzi

Mimi nilikaa wiki mbili nikiongeza mitetemo kila mahali, nikiamini huzuni ndiyo hiyo. Dada yangu akapita sebuleni, akauliza, "Mbona huyu analia kama mbu?"

Nikafuta karibu yote. Badala yake nikashusha nguvu ya sauti kwenye silabi ya mwisho ya kila mstari na kupandisha hewa kidogo, ili neno liishe kama mtu aliyeishiwa. Kabla ya mstari nikaweka sauti ya kuvuta pumzi. Kabla ya neno "mama" nikaacha kimya cha nusu pigo, na neno lenyewe nikalichelewesha kidogo nyuma ya kinanda. Dada akauliza ni nani anaimba. Kompyuta haichoki wala haikabwi koo, kwa hiyo mahali pa kuchoka na kukabwa lazima upachore wewe mwenyewe, nota kwa nota. Wimbo wa dakika nne huweza kula jioni kadhaa.

Hatua ya 6: Kuchanganya

Mwangwi kiasi. Punguza ukali wa juu kwenye s na sh. Basi.

MASWALI

Mpigakinanda: Mkuu, shukrani. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, itabeba?

Jibu: Yangu ni hiyohiyo, mkuu. Inasuasua tu wakati wa kutoa faili la mwisho.

Bint_Pwani: Kaka, nataka sauti ya kiume, nzito kidogo.

Jibu: Kaito, dada, Vocaloid wa kiume. Alitoka 2006, mwanzoni hakuuza vizuri, Miku alipovuma ndipo watu wakamrudia. Ni wa kununua. Usidanganyike na Kagamine Len: ni sauti ya mvulana, lakini aliyerekodi ni mwanamke, Asami Shimoda, huyohuyo aliyerekodi sauti ya kike ya Kagamine Rin, mwenzake Len.

Mzee wa Taarab: Vijana, mimi mashine hainilizi. Muimbaji lazima awe ameumia.

Jibu: Shikamoo mzee. Aliyeumia ni mtunzi. Kakosa koo tu. Na wakati mwingine wimbo unarudi kwa watu: "Sakura no Ame" wa halyosy, wa 2008, ulitungwa ukaimbwa na Miku, baadaye wanafunzi wa Japani wakauimba wenyewe kwenye mahafali. Lakini kama haikulizi, haikulizi, sikulazimishi.

Mzee wa Taarab: Marahaba. Nitausikiliza huo mmoja.

Kijana_Beat: Naweza kuuza wimbo nikaweka picha ya Miku kwenye jalada?

Jibu: Sauti na picha ni mambo mawili. Ukinunua programu yake unaruhusiwa kuuza wimbo, ila picha na jina lake kwa biashara vinahitaji kibali. Benki za bure kila moja ina masharti yake, soma kabla ya kuuza.

Bint_Pwani: Nimerudi. "Th" na "dh" je?

Jibu: Hazipo. Jana nimejaribu "wewe ni thamani yangu", kaimba "wewe ni samani yangu". Tafuta neno jingine, dada, usije ukamwita mpenzi wako kabati.