Farasi akitaka kukung'ata ukifunga mkanda, cheki tandiko kwanza

Wenzangu masaisi, yaani wachunga farasi, na nyinyi mnaoanza kupanda, naomba tuongee hii maneno ya tandiko, maana farasi wengi wanaitwa wakorofi na kumbe ni mgongo unawauma. Nilikuwa nachunga jike mmoja huku Ngong, kila nikikaza mkanda wa tumboni analaza masikio anageuka na meno, sisi tukasema ni hasira zake tu, tukamfunga kamba fupi tukaendelea na kazi. Siku moja namtoa tandiko, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa sehemu mbili kando ya ule mwinuko wa mabega, kavu kabisa, kama saizi ya kiganja. Tandiko lilikuwa linabana pale mpaka jasho halitoki! Baadaye nywele nyeupe zikaota palepale, na zile mara nyingi hazirudi rangi yake tena.

Sasa kucheki. Msimamishe mahali tambarare, weka tandiko bila pedi (kile kitambaa kinene cha kuweka chini yake), anza mbele kidogo halafu uliteleze nyuma kufuata nywele mpaka likae lenyewe. Lisikalie mfupa wa bega: ingiza mkono hapo, mwenzako avute mguu wa mbele taratibu, ukibanwa wewe jua na farasi anabanwa. Nyuma lisipite ubavu wa mwisho, uufuate kwa vidole kutoka tumboni kupanda juu ndio utajua mwisho ni wapi.

Juu ya mwinuko wa mabega ibaki nafasi ya vidole 2 au 3, na urudie kupima mtu akiwa amekaa juu maana hapo ndio linashuka. Chungulia kutoka nyuma, uone mwanga mpaka mbele, uti wa mgongo usiguswe popote. Halafu pitisha kiganja chini ya mito ya tandiko, zile sehemu laini za chini zinazolalia mgongo, mbele mpaka nyuma, ukikuta pengo katikati basi uzito wote unakanyaga ncha mbili tu, hilo usimpandie.

Na tafadhali, tandiko likibana usiongeze pedi. Kiatu kikikubana utavaa soksi mbili kweli?

Kitu kingine nafanya, nachukua waya unaopindika, naulaza juu ya mwinuko wa mabega, vidole vitatu hivi nyuma ya mfupa wa bega, naukandamiza ushike umbo, nachora kwa kadibodi na kuandika tarehe. Baada ya miezi 3 narudia, nione kama umbo la mgongo limebadilika. Kiangazi nyasi zikiisha amekonda, mvua ikinyesha amejaa, lakini tandiko ni lilelile, na hata sufu ya ndani ya mito inashikana na kuwa ngumu, kwa hivyo fundi aliangalie angalau mara moja kwa mwaka.

Yule jike alipumzishwa mpaka mgongo ukaacha kuuma nikigusa, akatafutiwa tandiko pana. Siku hizi nakaza mkanda na yeye anaendelea kutafuna nyasi zake.