Kutoka Kigoma hadi Fungu Kizimkazi: namna ya kutazama ndege wa bahari bila kuwaondoa viotani

Fungu Kizimkazi, liitwalo pia Latham, ni kisiwa kidogo cha matumbawe kisicho na mti wala maji ya kunywa, kilichoko kiasi cha kilomita 60 kusini-mashariki mwa Unguja. Huko huzaliana buabua pamoja na ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi, ambaye wataalamu humwita Sula dactylatra.

Kwanza, chagueni majira. Kusi likikaza, bahari huchafuka. Subirini utulivu wa kati ya kusi na kaskazi.

Pili, pangeni safari: treni hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha chombo cha kukodi chenye injini mbili, redio na maboya ya kutosha. Ulizieni kibali mapema. Sisi tuliozoea Ziwa Tanganyika, lisilo na kupwa na kujaa, tumwachie nahodha aamue saa ya kuondoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mkikaribia, punguzeni mwendo, zungukeni kisiwa kwa mbali na msishuke. Ndege hawa hutaga juu ya ardhi tupu, kwa hiyo kundi linaporuka kwa hofu, mayai na makinda hubaki juani bila kivuli chochote. Wakianza kupiga kelele na kuinuka, mmeshakaribia mno, rudini nyuma.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Mwalimu, baada ya safari ndefu hivyo, kwa nini tusishuke japo kidogo?

Jibu: Ndugu yangu, jua la huko huweza kuua kinda ndani ya muda mfupi. Sula hutaga mara nyingi mayai mawili lakini hulea kinda mmoja tu, kwa hiyo akipotea huyo, msimu wote wa wazazi umepotea.

Mwanachama wa Kasulu: Darubini ipi inafaa?

Jibu: Inayokuza mara 8 inatosha, kwa kuwa yenye nguvu zaidi hutikisa picha chomboni. Jizoezeni mtumbwini hapa ziwani kwa kuwatazama mnandi.

Mwanachama wa Uvinza: Buabua hupumzika juu ya maji kama bata?

Jibu: Buabua mwenye mgongo mweusi, la. Manyoya yake hulowa, naye huweza kukaa angani miaka kadhaa kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Hula samaki wadogo wanaosukumwa juu na jodari, ndiyo maana wavuvi humfuata. Waulizeni wao njiani, kwani wanajua kundi linakula wapi.