Unataka kuwa injinia wa umeme? Anzia hapa

Wengi wanamchanganya injinia wa umeme na fundi umeme, kama vile ni mtu yuleyule ila mmoja kavaa shati safi. Fundi anavuta waya, anafunga, anasaka hitilafu. Injinia ndo anapiga hesabu waya uwe wa unene gani na breka ya ampea ngapi, na likitokea la kutokea anaulizwa yeye maana saini yake iko kwenye mchoro.

Sekondari komaa na hesabu na fizikia. Chuo ni digrii ya uhandisi wa umeme, miaka 4 au 5 inategemea na nchi, na kabla hujajaza fomu ulizia kama hiyo kozi inatambuliwa na bodi inayosajili wahandisi, kuna watu wanasoma mpaka wanamaliza ndo wanagundua usajili hawapati, inauma sana. Matokeo hayakukaa vizuri? Pitia diploma, tena hao wakifika digrii mara nyingi wanakuwa wameshazoea kushika vifaa kuliko wengine.

Namba changamano na kalkulasi zitakutoa jasho, usizikimbie, hesabu za umeme wa AC (ule unaogeuka mwelekeo kila mara, kama wa nyumbani) zimejaa humo. Halafu jizoeze kuwaza kisaiti. Chukua mota ya kW 15, volti 400, fezi 3, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) 0.85, ufanisi 0.9. Gawanya 15,000 kwa 1.73 (kipeuo cha pili cha 3, kwa sababu ya fezi 3) × 400 × 0.85 × 0.9, unapata kama ampea 28. Mwanafunzi anaishia hapo, anachagua breka yoyote ya 32 anaenda zake. Sasa mota ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara 5 mpaka 8 ya hiyo kwa sekunde kadhaa, breka inaruka, watu wote wanakugeukia wewe. Na kebo ikiwa ndefu volti nazo zinapungua njiani, hujazihesabu.

Programu jifunze AutoCAD ya michoro na MATLAB ya hesabu, ukielekea viwandani ongeza PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo. Tawi utachagua mbele ya safari: umeme mkubwa, elektroniki, mawasiliano, mifumo ya kuendesha mitambo. Mi ningesema usiharakishe.

Ukimaliza chuo bado hujawa injinia kamili, sehemu nyingi unafanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, unaandika kila ulichofanya, ndo unaomba usajili. Fildi, yale mazoezi ya kazi ukiwa bado chuo, usikae ofisini kupiga fotokopi, ng'ang'ania kutoka na mafundi, waulize hata maswali ya kijinga.

Na usalama ujifunze mapema kabla hujawa na kiburi. Zima, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako siyo kwa mwenzio. Jaribu tesita kwenye umeme unaojua upo, kisha pima unapotaka kushika, kisha rudi tena kwenye ule wa kwanza, maana tesita inaweza kufa katikati ikakudanganya kuwa hakuna kitu. Kapasita nazo zinabaki na chaji hata umeme ukizimwa, zitoe chaji kwanza, pima tena, ndo uguse.