Kabla hujapima kioo cha paneli ya sola kinapitisha mwanga kiasi gani

Osha kioo pande zote mbili kwa maji ya sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Luksimita, kile kifaa cha kupima mwangaza, iache kabatini. Imeundwa kufuata jicho la binadamu, na hasara kubwa iko mahali ambapo jicho halioni, kwenye miale yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,000. Chuma kilichomo ndani ya kioo, kile kinachotia ukijani ukingoni, humeza miale hiyo ambayo seli ya silikoni ingeigeuza umeme.

Usipime volti. Mwanga ukipungua kwa asilimia 10, paneli ya seli 36 isiyo na mzigo hupoteza volti 0.1 hivi kati ya 21, nawe utadhani kioo hakili kitu. Pima mkondo wa shoti, yaani umeme unaopita nyaya mbili za paneli zikiunganishwa moja kwa moja kupitia multimita. Chukua paneli ndogo ya wati 2, inayotoa kama miliampea 120, na multimita kwenye 200mA. Elekeza paneli kwenye jua kwa kusimamisha msumari juu yake mpaka kivuli chake kipotee. Soma bila kioo, soma na kioo, kisha bila kioo tena: tuseme 118.4, 107.6, 118.0. Wastani wa bila kioo ni 118.2, kwa hiyo kinapitisha asilimia 91. Namba ya kwanza na ya mwisho zikipishana zaidi ya asilimia 1, wingu limepita, rudia.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Kioo cha sola mara nyingi kina vipele. Mtu anashika kipande kidogo, anakiinua shubiri moja juu ya paneli, mwanga unatawanyika na mwingine unaangukia pembeni. Namba inashuka, anakikataa kioo kizuri, anaenda kununua cha dirisha kwa sababu kinang'aa! Kilaze kigusane na paneli, nacho kizidi paneli kwa sentimita 5 kila upande. Ukipeleka maabara, uliza kama mashine yao ina tufe la kukusanyia mwanga uliotawanyika. Bila hilo, kosa ni lile lile.

Kila uso wa kioo hurudisha asilimia 4 hivi. Kwa hiyo kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao kikisoma zaidi ya 92, umekosea kupima. Kilichopakwa hufika 93 au 94. Usikisugue, na upande wa dawa utazame jua.

Usikate sampuli kutoka kioo kilichoimarishwa kwa joto, kitasambaratika chote. Vaa glavu. Na swichi ya multimita irudi kwenye volti kabla hujagusa betri, la sivyo fyuzi imekwenda.