Mteja wa siri Nevada: pitia hivi kabla hujachukua kazi

Kazi ya mteja wa siri tunaijua, unaingia dukani kama mtu wa kawaida, unanunua, unajaza ripoti, unalipwa, na majimbo mengi ya Marekani hakuna anayekuuliza leseni. Nevada sasa, aisee, kule wanaiweka kapu moja na upelelezi binafsi.

Hatua ya 1: angalia duka liko jimbo gani, sio wewe unalala wapi. Mimi nilikuwa naishi ng'ambo ya mpaka nikajua hainihusu, nimeshamaliza kazi Las Vegas na ripoti nimetuma ndo naulizwa kadi ya kazi ya Nevada, hela sikuiona mpaka leo.

Hatua ya 2: elewa kwa nini wanakaza. Chukua kazi ya baa: umekaa kaunta na soda yako, unahesabu barman kamimina glasi ngapi na ngapi kaziingiza kwenye mashine, chenji kaweka wapi, kwenye beji kaandikwa nani. Hapo humkagui tena bia baridi au moto, unamchunguza mtu, na ripoti yako inaweza kumfukuzisha kazi.

Hatua ya 3: leseni yako mwenyewe ya upelelezi sahau kwanza, manake wanataka uzoefu wa miaka 5, yaani masaa 10,000 ya uchunguzi (California ni 6,000, nako sio mchezo). Njia ya wengi ni kuajiriwa na kampuni yenye leseni, uajiriwe kweli sio kibarua huru, halafu usajiliwe kwa bodi ya jimbo, Private Investigators Licensing Board, unatoa alama za vidole, wanakupekua rekodi, unapata kadi ya kazi.

Hatua ya 4: namba ya leseni ya kampuni ihakiki kwenye tovuti ya bodi. Dakika mbili tu.

Hatua ya 5: anayekuuzia "cheti cha mteja wa siri" mkimbie, FTC wenyewe, tume ya Marekani inayolinda wateja, wanasema kazi hii hailipiwi kuingia. Na ukitumiwa cheki, ukaambiwa iweke benki, ununue kadi za zawadi, utume namba za nyuma, hiyo cheki ni feki, benki itagundua baada ya wiki kadhaa na deni litakuwa lako.

Kadi ya kazi ikitoka piga picha uweke kwenye simu, ila usije ukaitoa pale kaunta, siri yenyewe itakuwa imeishia hapo.