Mtoto anakohoa, daktari yuko kwenye simu: pima kwanza

Daktari wa kwenye simu hawezi kumshika mtoto wala kumwekea kipimo kifuani. Atategemea ulichopima wewe, basi pima kabla ya kupiga.

Lakini mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri, si wa simu. Mpakie kwenye boda mwende kituo cha afya sasa hivi. Vivyo hivyo mgonjwa wa chini ya miezi 2.

Kwa wengine, anza na pumzi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha nguo kifua na tumbo vionekane, kisha hesabu kila kifua kinapoinuka, dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4. Hesabu hiyo hupotoka kwa sababu watoto hawapumui kwa mwendo mmoja. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka, na huenda ni nimonia. Ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea ndani anapovuta hewa, litaje hilo kwanza.

Mtandao ukisuasua, achana na simu ya video: picha ikigandaganda daktari hawezi kuhesabu pumzi. Rekodi kifua kwa dakika 1 karibu na dirisha, simu ikiegemea kitu isitikisike, kisha utume.

Homa ipime kwa kipimajoto; "mwili unawaka" hakumsaidii daktari. Na Uganda homa ya mtoto inahitaji kipimo cha malaria, hata anapokohoa. VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) wengi hupima kwa tone la damu ya kidole. Kama alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, sema, maana kipimo hicho huweza kuendelea kuonyesha malaria hata vimelea vikiisha.

Uwe na uzito wake kwa kilo, dozi hufuata huo, na dawa zote alizokwisha kunywa. Soma jina lililo kwenye pakiti; "vidonge vyeupe" ni vingi mno.

Kabla ya kukata, andika jina kamili la daktari na namba yake ya usajili, kisha muulize: akibadilika vipi usiku huu, nisisubiri asubuhi?